Mwongozo Kamili wa Kujenga Jumuiya ya Shule ya Msingi ya Kikatoliki na Kuiboresha Mwaka Hadi Mwaka

Si ajabu kuingia katika ofisi ya mwalimu mkuu na kukuta kabatini mpango wa maendeleo ya shule uliochapwa vizuri, ukawekewa jalada la plastiki na kugongwa mhuri, lakini haujafunguliwa tangu siku ulipoonyeshwa kwa wageni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wakuu, mameneja, maparoko na wajumbe wa kamati za shule za msingi za Kikatoliki katika Jimbo Kuu la Dodoma na majimbo jirani ya Singida na Kondoa, ambao wangependa kuiona shule yao ikiboreka kwa namna ambayo hata mzazi anayefika mara moja kwa muhula ataitambua. Msimamo wake ni mmoja: shule huboreka pale mambo machache yaliyokubaliwa na wote yanapoandikwa, yakapewa mwenye kazi na tarehe, kisha yakaulizwa tena katika kila kikao mpaka yaishe. Ibada nzuri, mahafali yenye shamrashamra na sare zilizopigwa pasi husaidia, ila haviwezi kuchukua nafasi ya kuuliza tena.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, inafaa kukumbuka ni jumuiya ya namna gani tunayozungumzia. Zamani shule ya misheni ilikuwa ya kigango, yaani tawi la parokia: katekista aliwajua wazazi wote kwa majina, na watoto waliosoma pamoja Jumatatu walikuwa wamesali pamoja Jumapili. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za madhehebu zilitwaliwa na serikali, na kamba hiyo ikakatika. Shule za msingi za Kikatoliki tulizonazo leo kwa sehemu kubwa ni za kulipia ada, nyingi zikiwa za mchepuo wa Kiingereza, na wazazi wake hawatoki parokia moja. Hapa Dodoma hali hiyo imeongezeka tangu serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, kwa maana katika darasa moja utamkuta mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, mtoto wa mtumishi aliyehamia Mtumba akitokea Dar es Salaam, na mtoto wa mfanyabiashara wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko la Majengo. Watu hawa hawana cha kuwaunganisha isipokuwa shule yenyewe, na kwa hiyo jumuiya yao haitajitokeza bila kujengwa.

Hatua ya kwanza: weka wazi nani anaamua nini

Migogoro mingi ya shule za Kanisa haitokani na ubaya wa mtu, bali na kutojulikana kwa mipaka. Mwenye shule huwa ni jimbo, parokia au shirika la watawa, naye humteua meneja anayemwakilisha mbele ya serikali. Mwalimu mkuu husimamia taaluma, nidhamu na wafanyakazi wa kila siku. Kamati ya shule huwaleta pamoja wazazi, walimu na mwenye shule ili kushauri na kusimamia maendeleo. Paroko, hata pale ambapo si meneja, ni mchungaji wa watoto na walimu, na sauti yake ina uzito ambao yeye mwenyewe wakati mwingine hautambui: neno alilolisema kwa mpishi akipita jikoni laweza kubadilisha chakula cha wiki nzima bila mwalimu mkuu kujua.

Andikeni ukurasa mmoja, usizidi, unaotaja nani huajiri, nani huidhinisha matumizi na hadi kiasi gani, nani husaini hundi, nani hupokea malalamiko ya mzazi, nani hutoa taarifa kwa ofisi ya elimu ya kata na ya halmashauri, na nani hukaimu mwalimu mkuu anaposafiri. Usomwe mbele ya walimu wote na wafanyakazi wote, wakiwemo mlinzi, dereva na wapishi, kisha ubandikwe ofisini. Kama shule ni ya watawa, ni vizuri ukurasa huo ueleze pia kwamba Sista aliye mwalimu mkuu hupokea maagizo ya shule kupitia kwa meneja, wala si kupitia kwa kila Sista wa nyumbani aliye mkubwa wake kwa umri.

Hatua ya pili: itazame shule kabla ya kuitisha kikao

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kikao. Watu wakikaa bila taarifa, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua tatizo la shule ni lipi, na mara nyingi atataja matokeo ya darasa la saba au rangi ya sweta. Tumieni kwanza wiki moja ya kawaida, isiyo ya mitihani wala sherehe, watu watatu au wanne wakizunguka na daftari: mwalimu wa taaluma, mjumbe mmoja wa kamati aliye mzazi, mfanyakazi mmoja asiye mwalimu, na ikiwezekana mtu wa nje aliyewahi kufundisha.

Wafike asubuhi kabla ya saa moja waone magari ya shule yanaingia saa ngapi na watoto wanateremka katika hali gani. Waende vyooni wakati wa mapumziko ya saa nne, saa ambayo msongamano ni mkubwa, wahesabu foleni. Miongozo ya nchi inataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, nanyi hesabuni matundu yanayotumika kweli, yaani msihesabu lile lililofungwa kwa waya tangu mwaka jana. Wafungue kila bomba. Katika mji ambao maji yake kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora na ambao mgao si jambo geni, swali la maana ni kwamba maji yakikatika Jumatatu, maji ya tangi la shule yatatosha hadi siku gani. Waangalie kama ndoo ya kunawia ina sabuni, kama wasichana wa madarasa ya juu wana mahali pa faragha pa kujisitiri wakiwa katika hedhi, na kama mlango wa chumba hicho una komeo kwa ndani.

Darasani waketi nyuma kabisa, mahali ambapo mtoto mwenye macho dhaifu huketi na kunyamaza. Wahesabu wanafunzi, wakikumbuka kwamba kiwango cha nchi kwa darasa la msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba. Wachukue madaftari matano bila kuchagua waone mara ya mwisho yalisahihishwa lini, na kama mwalimu ameandika neno lolote zaidi ya alama ya vema. Wakaguzi hawa wa ndani wasome pia taarifa ya mwisho ya wathibiti ubora wa shule. Inashangaza jinsi taarifa hiyo inavyogharimu kazi ya watu wengi na kisha kusomwa na mwalimu mkuu peke yake.

Watoto nao waulizwe, kwa makundi madogo na bila mwalimu wao kuwepo, maswali mepesi: ni sehemu gani ya shule unaiogopa, ni somo gani unalisubiri, na ukiwa na shida unamwendea nani. Swali la tatu likijibiwa kwa kimya na watoto wengi, mmekwisha kupata jambo moja la kushughulikia kabla ya mengine yote.

Hatua ya tatu: kikao cha wazazi ambacho watu watarudi

Mzazi aliyealikwa mara tatu, na mara zote tatu akasomewa orodha ya wadaiwa wa ada, hatakuja mara ya nne, na hatuna haki ya kumlaumu. Ada ni jambo la mzazi mmoja na ofisi ya mhasibu. Kikao ni cha mambo ya wote.

Chagueni siku kwa kuwafikiria wazazi mlio nao. Watumishi wa serikali hupatikana Jumamosi asubuhi. Wakulima wa vijiji vya jirani hawapatikani kirahisi kuanzia mvua za kwanza za Desemba hadi palizi iishe, kwa sababu mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja na anayechelewa kupanda amepoteza mwaka. Kikao cha Jumapili baada ya Misa kinawapendelea Wakatoliki wa parokia hiyo na kuwaacha wengine wakijiona wageni, kwa hiyo kisiwe desturi. Lugha iwe Kiswahili, hata kama shule ni ya mchepuo wa Kiingereza. Bibi anayemlea mjukuu wake ana mengi ya kusema kuhusu usingizi wa mtoto na kazi za nyumbani, lakini hatayasema kwa lugha inayomfanya aonekane mjinga mbele ya wakwe.

Wazazi waketi kwanza kwa madarasa, kila darasa na mwalimu wake, kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha ndipo waingie ukumbini. Katika kikundi kidogo mama ambaye hawezi kushika kipaza sauti ataeleza kwamba mwanawe hurudi na chakula kile kile alichoondoka nacho. Sala ya kufungua iwe ya Kikatoliki bila aibu, maana wazazi wa imani nyingine walipomleta mtoto walijua wanamleta wapi, ila iwe fupi na yenye kuwaombea wote.

Ajenda ifuate mpangilio huu: kufungua, yatokanayo na kikao kilichopita, taarifa ya ukaguzi wa ndani, kuchagua mambo ya mwaka, taarifa fupi ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Yatokanayo yasiruke nafasi yake kwa sababu yoyote ile. Mzee mmoja akisimama na kusema, “Mwalimu, shikamoo ya pamoja tumekwisha kupeana, sasa mara ya mwisho tuliambiwa choo cha wasichana kitakuwa tayari kabla ya Pasaka, kimefikia wapi?” mwenyekiti asimwambie asubiri mengineyo. Huyo ndiye mzazi bora uliyenaye ukumbini.

Hatua ya nne: chagueni mambo matatu, yasizidi

Baada ya ukaguzi na vikundi vya madarasa mtakuwa na orodha ndefu. Kamati na walimu waichambue kwa kuuliza juu ya kila jambo: je, linamgusa mtoto moja kwa moja? Je, liko ndani ya uwezo wetu bila kusubiri mfadhili? Je, tutajuaje kwamba limeisha? Jambo lililoshindwa swali la tatu liandikwe upya au liachwe. “Kuinua kiwango cha taaluma” si jambo, ni matamanio. “Kuimarisha maadili ya Kikristo” nalo, pamoja na utakatifu wake, halina mlango wa kuingilia mpaka literemshwe kuwa, kwa mfano, wanafunzi wakubwa kuacha kuwanyang'anya wadogo nafasi kwenye bomba la maji.

Matatu yakitosha mwaka mzima, yatoke pande tofauti: moja la ufundishaji, moja la mazingira au afya, moja la mahusiano ya watu. Sizungumzii ujenzi wa bwalo wala ununuzi wa basi, ambavyo vina bajeti na kamati zake. Mwaka mnaoanza kulimbikiza mambo saba, yote saba yatarudi mwakani yakiwa na vumbi.

Kwa shule zinazopanga sasa, lipo jambo moja lisilosubiri kuchaguliwa. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi ya miaka sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kundi la darasa la saba la mtaala wa zamani litahitimu. Madarasa mawili ya wahitimu, mitihani miwili, walimu wale wale: liwekeni katika ratiba ya walimu mapema, na wazazi waelezwe hesabu hiyo kwa utulivu kabla hawajaipata kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imetiwa chumvi.

Hatua ya tano: daftari la yatokanayo

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo shule nyingi huteleza. Nunueni daftari gumu la kurasa nyingi, la karatasi, lisilo la kompyuta ya mtu, likae ofisini mahali ambapo mwalimu yeyote anaweza kulisoma. Kila jambo lipewe kurasa zake mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto una hali ilivyo leo kwa tarakimu, shabaha, tarehe, mwenye kazi, msaidizi wake, na fedha itatoka wapi. Ukurasa wa kulia ni wa tarehe na yaliyojiri, mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, hata kama mstari wenyewe ni “hakuna kilichofanyika.” Mwenye kazi awe mtu mmoja mwenye jina, kwa kuwa kazi iliyokabidhiwa “uongozi” haina wa kuulizwa.

Tuchukue mfano wa kusoma katika darasa la pili. Mwalimu wa taaluma na mwalimu wa darasa huchagua aya fupi ya maneno kama sitini, moja ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza, ambazo watoto hawajawahi kuziona. Kila mtoto huitwa peke yake nje ya mlango, mahali penye kivuli na pasipo na wasikilizaji, akasoma kwa dakika moja, kisha akaulizwa maswali mawili juu ya alichosoma. Watoto hugawanywa katika makundi matatu: wanaosoma na kuelewa, wanaotamka maneno bila kuelewa, na wanaokwama kwenye silabi. Darasa la watoto 45 huisha kwa asubuhi mbili. Tuseme Februari wamepatikana 17 ambao hawaelewi wanachosoma, na ukurasa wa kushoto ukaandikwa kwamba ifikapo mwisho wa Septemba wasizidi watano.

Mwalimu huanza kukaa nao kila asubuhi kwa dakika ishirini kabla ya kipindi cha kwanza, wakisoma hadithi fupi kwa zamu na kuzisimulia upya kwa maneno yao. Mwezi Aprili wanapimwa tena, wamebaki 11. Katika kikao cha walimu yatokanayo yanasomwa, na badala ya kupongezana mwalimu wa zamu anafungua daftari la mahudhurio ya asubuhi: kati ya hao 11, sita hawajahudhuria hata nusu ya vipindi hivyo, na wote sita wanapanda gari moja, linaloanzia Ihumwa na kuzunguka vituo vyote vya Area C kabla ya kufika shule. Tatizo lililodhaniwa kuwa la mwalimu wa Kiswahili sasa lina dereva na mhasibu ndani yake. Njia ya gari inabadilishwa, au vipindi hivyo vinahamishiwa baada ya chakula cha mchana, na jina la dereva linaingia katika ukurasa wa kulia kama mtu wa kuulizwa wiki mbili zijazo. Jambo la namna hii halionekani katika mpango uliowekewa jalada la plastiki. Huonekana pale mtu anapolazimika kueleza mbele ya wenzake kwa nini 11 hawajawa watano.

Mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, daftari hili lisitumike kamwe kama ushahidi wa kumwadhibu mwalimu, kwa sababu siku litakapotumika hivyo tarakimu zitaanza kupendeza. Pili, majina ya watoto walio nyuma yabaki kwa mwalimu. Kikaoni zisomwe idadi tu.

Hatua ya sita: kalenda moja kwa mihula, liturujia na mvua

Shule ya Kikatoliki huko Dodoma huishi kwa kalenda tatu zinazopishana. Ya kwanza ni ya wizara: muhula wa kwanza unaoanza Januari, muhula wa pili unaoanza Julai, pamoja na mitihani ya taifa ya darasa la saba na upimaji wa darasa la nne katika nusu ya pili ya mwaka. Ya pili ni ya Kanisa. Ya tatu ni ya shamba, ambayo haibandikwi ukutani lakini ndiyo inayoamua nani atalipa lini.

Wekeni zote tatu katika karatasi moja kubwa. Mtaona mara moja kwamba Januari, mwezi ambao shule hudai ada, sare, madaftari na vitabu kwa mpigo, ndio mwezi ambao mkulima wa mtama na uwele yuko shambani na ghala lake linaelekea kuisha, na kwamba mavuno yake yako mbele sana, kuelekea Mei na Juni. Mkulima wa zabibu yuko tofauti, maana huvuna mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari na tena kuanzia Agosti. Shule yenye wazazi wa aina hizi ikiruhusu mzazi kuandika mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka, ratiba ya malipo inayofuata mavuno yake, na ikaishika ratiba hiyo bila kumrudisha mtoto getini, itakusanya zaidi kuliko ile inayotuma ujumbe wa vitisho kila Jumatatu.

Kwaresima mara nyingi huangukia katika miezi hiyo hiyo ya upungufu, jambo linalofanya majitoleo ya watoto kuwa na maana ya karibu. Badala ya kuagiza kila mtoto alete fedha, ambazo ni za baba yake, darasa likubaliane juu ya tendo: kuchota maji ya kumwagilia miche, kumsaidia mwenzao aliyeugua kunakili masomo. Miche nayo ipandwe Desemba na Januari wakati mvua ipo, kwa kuwa mti uliopandwa Mei kwa ajili ya picha hufa kabla ya Agosti. Mei ni mwezi wa Bikira Maria, na Oktoba ni mwezi wa Rozari. Tarehe 19 Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika la Wapasionisti waliofanya umisionari hapa, na msimamizi wa Kanisa Kuu la Dodoma, na yafaa watoto wajue kwa nini jina la Mwitaliano huyo liko mjini kwao. Sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake, ndiyo iwe siku ya wazazi, siyo siku ya ziada inayodai mchango mwingine. Siku hiyo ngoma za Kigogo, marimba na zeze vipewe nafasi sawa na shairi la Kiingereza.

Hatua ya saba: parokia na wazazi wa imani nyingine

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele tangu miaka ya 1970, ndizo njia fupi kuliko zote ya kumfikia mtoto nyumbani, na shule nyingi hazizitumii kwa lolote isipokuwa kutangaza nafasi za kujiunga. Mwombeni mwenyekiti wa jumuiya awaarifu mtoto akifiwa, mzazi akilazwa, au familia ikihama nyumba. WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wana uzoefu wa kulea na kupika kwa wengi: wawili watatu kati yao wakae na wapishi wa shule mara moja kwa muhula kupanga chakula, na mlenda na karanga visionewe haya kwa sababu tu wazazi wa mjini wangependa kuona tambi. Utoto Mtakatifu, chama cha kitume cha watoto, uwe na mlezi ambaye ni mwalimu anayewapenda watoto, asiwe yule aliyekosa kazi nyingine. Wanaume, ambao kikaoni huonekana wachache, huja kwa urahisi zaidi wakiitwa kwa kazi ya mikono ya Jumamosi, kama kutengeneza madawati au kusafisha mfereji wa maji ya mvua, na mazungumzo yao chini ya mbuyu baada ya kazi huwa ni kikao tosha.

Kuhusu watoto wasio Wakatoliki, mambo yaandikwe katika fomu ya kujiunga ili yasijadiliwe upya kila mara: ni sala zipi ambazo wote huhudhuria kwa heshima, ni zipi za hiari, mtoto wa Kiislamu anafanya nini wakati wa Misa ya shule, na chakula wakati wa Ramadhani kwa aliyeanza kufunga kinapangwaje. Mzazi mmoja wa imani nyingine awemo katika kamati, akiwa mjumbe kamili.

Hatua ya nane: fedha

Kila mchango uwe na jina, kiwango, tarehe ya mwisho na taarifa ya mwisho. Fedha ipite benki, risiti itolewe, na karatasi moja ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila muhula, mahali ambapo mzazi anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Mchango mpya usitangazwe kabla taarifa ya uliotangulia haijasomwa.

Hatua ya tisa: usalama wa mtoto

Jambo hili halichaguliwi kati ya matatu ya mwaka, kwa sababu ni la kila mwaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna, na kanuni za adhabu ya viboko shuleni zimeweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, viandikwe katika kitabu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo hayupo. Shule nyingi zinaishi vizuri bila kiboko kabisa, na maoni yangu ni kwamba shule inayojiita ya Kikatoliki ingeanzia hapo, ikitumia nguvu zake kuwafundisha walimu njia nyingine za nidhamu.

Kila mtu mzima anayebaki na watoto, wakiwemo dereva, matroni wa gari, mwalimu wa kwaya na mseminari aliyekuja kwa uchungaji, asaini kanuni za mwenendo. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima katika chumba kilichofungwa, wala sakristia si ubaguzi. Wawepo walimu wawili, wa kike na wa kiume, ambao watoto wenyewe wamewataja kuwa wanaweza kuwaendea, na namba 116 ya kumsaidia mtoto iandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifikia kwa macho. Tuhuma za ukatili zipelekwe kwa ustawi wa jamii na polisi. Hazimalizwi ofisini kwa paroko kwa kisingizio cha kulinda jina la Kanisa.

Picha za watoto ni sehemu ya usalama huo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwezi Mei 2023, kuchapisha sura na jina la mtoto bila ridhaa ya mzazi kumekuwa zaidi ya suala la adabu. Ridhaa iombwe kwa maandishi siku ya kuandikishwa, na mzazi aliyekataa asibembelezwe.

Hatua ya kumi: malalamiko na makabidhiano

Kundi la WhatsApp la darasa litumike kwa matangazo: muda wa gari, siku ya mtihani, mtoto aliyesahau sweta. Lalamiko linalomhusu mwalimu au mtoto wa mwingine lisijibiwe humo. Mwenye kundi aandike tu, “Mama, tafadhali tuonane na Mwalimu kesho saa nane,” na lalamiko liingizwe katika daftari la malalamiko likiwa na tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kujibiwa, ambayo isipite siku saba za kazi. Malalamiko yakijirudia juu ya jambo moja, hilo ni la kuingia katika ukaguzi wa mwaka ujao.

Mwezi Novemba, kabla ya pilika za kufunga shule, fanyeni tena ule mzunguko wa wiki moja mlioanza nao, ikiwezekana kwa watu wale wale, na mlinganishe tarakimu za kushoto na za kulia. Jambo lililokamilika lifungwe kwa saini ya mwenye kazi na ya mzazi mmoja aliyekwenda kuliona. Lisilokamilika lihamishiwe mwaka mpya mara moja tu, na likishindikana tena ichunguzwe kama lilikuwa jambo sahihi.

Mwisho ni uhamisho, ambao katika shule za Kanisa ni wa hakika kuliko mvua. Sista hupangiwa nyumba nyingine, paroko hupewa parokia nyingine, meneja hupelekwa masomoni, na kila anayekuja huanza na lake. Makabidhiano yawe na hati inayotaja funguo, akaunti za benki, mikataba ya wafanyakazi, madeni, na daftari la yatokanayo likiwa limesomwa ukurasa kwa ukurasa na wote wawili, anayeondoka na anayeingia, mbele ya mwenyekiti wa kamati. Mwalimu mkuu mpya aahidi kwa maandishi kwamba hataongeza wala kufuta jambo lolote katika daftari hilo kabla muhula wake wa kwanza haujaisha na kikao cha wazazi hakijakaa.